Chumvi Iende, Mafuta Yaje

Saa tisa natoka kwenye karo langu la Katwe,
ziwa likinuka yai viza,
chumvi inanikaukia miguuni
kama chokaa kwenye ukuta wa kanisa.
Nina miaka sitini na mmoja.
Kwenye kitambulisho ni hamsini na minane;
karani alichoka kuuliza.

Zamani nilijisugua kwa gunzi.
Nilidhani ngozi ni sufuria.
Ikanijibu: ikapasuka visiginoni,
ikaota magamba gotini,
ikawasha usiku hadi marehemu Bwambale
akahamia mkeka wa pili.
Alisema najikuna kama panya ghalani.

Kabugho, mwenye karo la jirani,
yeye alikimbilia mkorogo.
Kopo la buluu, halina jina, lanuka dobi.
Mwezi wa kwanza aling'aa, tukamwonea wivu.
Mwezi wa tano jua likamkuta hana mlango:
mashavu yameiva, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi
kama mashahidi waliokataa kuhongwa.
Sasa hujifunika leso mpaka puani.
Simcheki. Kopo lile tulichangia.
Mimi nilijipaka kidevuni tu, nikaogopa.

Ya Lamunu yalikuja kwa lori.
Sijawahi kumwona. Yuko Kitgum, kaskazini mbali,
na Thembo, dereva anayepeleka chumvi yetu huko,
siku moja alirudi na kopo la maziwa ya unga
limejaa mafuta ya shea,
manjano, mazito, yenye harufu ya moshi na karanga.
"Kuna mama anataka chumvi ya ng'ombe wake.
Pesa hana. Ana hii."
Mwaka wa saba huu.

Maagizo huja kwa mdomo wa Thembo,
naye huyasema akitazama gurudumu:
"Anasema usisugue. Osha kwanza kwa maji matamu,
jikaushe kwa kubonyeza, kama unavyomkausha mtoto,
upake ngozi ikiwa bado na unyevu.
Anasema..." hapo hukohoa,
"usisahau chini ya matiti."

Maji matamu hapa ni ya kununua.
Dumu moja: nusu la chai na ugali,
nusu la miguu yangu.
Wajukuu wananiita mbadhirifu.
Waache.

Gauni la kazi nimeliongeza mikono mirefu,
kofia nimeisuka pana kama ungo.
Kabugho akasema nimegeuka uyoga.
Na mwaka jana, nyuma ya sikio, palipo nje ya kofia,
kidonda kidogo kikakataa kufunga.
Nilikificha wiki sita.
Nesi Mbambu alikimulika kwa tochi ya simu,
akakata kipande, akakituma Kasese.
Siku kumi na moja sikuonja chumvi ya mtu.
Halikuwa lile tuliloliogopa bila kulitaja.
"Safari nyingine," akasema, "wiki ya tatu uwe hapa.
Usiningojee kama mgeni wa harusi."

Mikunjo ipo. Ya macho niliipata kwa kucheka
na kwa mng'ao wa maji haya, sijui ipi ni ipi.
Shingo imelegea. Mikono ina madoa
kama ndizi ya siku ya nne.
Lakini silali tena nikijikuna,
na kisigino changu hakinasi shuka.

Jana jioni Kabugho alikuja, akafunga mlango,
akafungua leso.
Nikayayeyusha mafuta kati ya viganja,
nikamgusa shavu, polepole, bila kusugua.
Akafumba macho.
"Yananuka kama jiko la mama mkwe," akasema,
lakini hakuondoa uso.

Thembo anaondoka alfajiri.
Safari hii Lamunu ameuliza swali:
je, hiyo chumvi yenu inauma?
Nimeshona gunia, nimelifungua, nimelishona tena.
Nimemwambia Thembo amjibu, inauma.
Kisha nimeongeza vikombe viwili.