Ukuta wa Ghala, Wete

Ghala bado linanuka makonyo
ingawa gunia la mwisho lilitoka mwaka aliozaliwa Sabra.
Sasa mna projekta, spika nane, na kamera ndogo
iliyotundikwa pale palipokuwa na mzani.

Kazi yangu kufungua saa tatu, kufunga magharibi,
na kuwaambia wanaochungulia: "Ingieni tu, hakuna tiketi."
Ukipita, mkarafuu ukutani unatikisika.
Ukinyanyua mkono, tawi linainama
kama mtu aliyeitwa jina.
Watoto wa chuoni waliruka mpaka spika zikakoroma.
Mwalimu Shaame alipunga mara moja,
akageuka nyuma, asije akaonwa.

Jumanne akaja Bi Mchanga Faki,
buibui jeusi ndani ya kiza,
na mashine haikumwona.
Akasimama. Ukuta nao ukasimama.
Sabra, aliyeyaunda haya yote, akabonyeza, akabonyeza,
uso umemwiva:
"Bibi, niwie radhi. Haijui nyeusi juu ya nyeusi."
"Si neno, mwanangu. Hata karani wa mzani
hakuwa akiniona."

Akaketi chini, sakafuni,
akaitoa mikono.
Mikono tu, ina hina ya arusi ya mjukuu,
na vidole vikaanza vyenyewe:
konyo huku, karafuu huku,
konyo huku,
karafuu

na ukuta ukaamka.
Matawi yote yakamwagika kwa pamoja,
karafuu zikanyesha spika ya kushoto, ya kulia,
nyuma ya shingo yangu.

Sabra kashika mdomo.
Bi Mchanga akatega sikio, akasikiliza kidogo.
"Hizi mbichi," akasema.
"Kavu hulia kokoto. Hizi zinaanguka
kama mahindi ya kuchemsha.
Aliyekuuzia kakupunja. Zirudishe jamvini."

Sabra akacheka, kisha akaacha kucheka.
Kweli alizirekodi siku ya pili tu ya kuanikwa,
boti ya Unguja haimngoji.

Magharibi natia komeo la mlango mkubwa.
Kabla sijazima swichi
napita mbele ya ukuta, mikono mfukoni.
Kimya.
Natoa mmoja.
Mimi kuchambua sijui; mama alinifukuza jamvini
kila nilipokaa karibu naye: "Kasome!"
Vidole vinababaika hewani, vinakamata si konyo si karafuu.

Tawi la chini kabisa
linasogea.