Bado

Dakta Nandonde kaandika ubaoni:
Kesho ipo tayari, au inaumbwa?
Tukanakili. Feni ikakwama, ikazunguka tena.

Newala, korosho zetu zimeshapimwa,
zimetoka ghalani, pengine zimeshaliwa ng'ambo.
Karani wa chama anamwambia mama: hela bado.

Bado. Neno moja linatazama huku na huku:
bado yupo, bado hajaja.
Mjomba Chipoka tulimzika mwezi wa Rajabu,
bado anadaiwa salfa.

Leo, Mtwara, saa nne kamili, mtihani.
Jina langu halimo kwenye orodha ya waliolipa.
Nimekaa barazani, najibu swali la kwanza
kwa kidole, kwenye vumbi la dirisha:

Kesho ipo, Dakta.
Iko Newala, mezani kwa karani,
inangoja sahihi.