Kazi ya Marehemu

Kwenye biro ya mtaa, Katuba,
karani ana peni moja, ameifunga uzi mezani
isije ikamfuata mtu nyumbani.
Jina la marehemu: Banza Kilufya. Anaandika.
Amezaliwa Bukama, mwaka wa mafuriko.
Anaandika: karibu 1948.
Kazi?

Kondakta, nasema.
Peni inasimama.
"Wa gari gani?"

Hapo neno likanivunjikia mdomoni
kama bukari lisiloiva.
Karani amelijua kwa Kifaransa,
na kwa Kifaransa kondakta ndiye mwenye usukani.
Baba hakuendesha kitu. Hata baiskeli
aliipakia makaa akaisukuma, akitembea ubavuni mwake
kama anayemsindikiza mgeni.
Aliyeendesha treni aliitwa masinisti,
alikaa mbele. Baba alikaa katikati ya watu,
Lubumbashi mpaka Kamina,
siku mbili Mungu akipenda, nne asipopenda,
na koleo lake dogo la kutoboa tikiti.

"Basi reseveri," anasema karani.
Mjomba Kabange wa Kalemie anadakia kutoka benchi:
"Utingo! Kwetu ziwani ni utingo."
Sitaki utingo. Utingo hupiga bati, huita watu kwa mluzi.
Baba alivaa kofia,
na kila behewa aliligonga kwanza
kama anaingia kwa mkwe.

Na Jumapili je?
Jumapili mkono uleule, bila koleo,
ulitoboa hewa mbele ya waimbaji thelathini na wawili,
na mabesi wazembe wa kambi ya mgodi
wakaingia palepale palipotobolewa.
Huko aliitwa shefu.
Yeye hakuimba. Nilimuuliza, akasema:
nikiimba sitawasikia.

Mdogo wangu Musenge, fundi wa umeme,
jana matangani alinionyesha kipande cha waya.
Akakwangua ngozi yake nyeusi kwa jino.
Ndani ikawaka shaba, hii yetu,
tunayoiona kila siku ikipita juu ya malori kwenda Kasumbalesa.
"Hii nayo kondakta," akasema. "Mti unazuia. Mpira unazuia.
Shaba, kinachokuja inakiachia kiende.
Haina choyo."
Tulikuwa tunaongea kwa mshumaa:
nyaya za mtaa mzima zimeibwa tangu Pasaka.
Haina choyo yenyewe, nikamjibu.

Karani anagonga meza kwa ukucha.
Kiongozi? Kiongozi ana picha ukutani.
Msimamizi? Husimama wengine wakiinama.
Kapita? Hapana. Kapita alikuwa na fimbo
(ingawa shefu wa kwaya naye anayo,
nyembamba, ya mwanzi, ipo bado juu ya kabati).
Mkaguzi, mwendeshaji, mwelekezi, kungwi.
Kila neno ni koti la mtu mwingine,
mikono mirefu, kifua kinabana.

Usiku wa pili wa matanga alikuja mwanamke wa Luena
ambaye hakuna aliyemjua.
Akafungua ncha ya kitenge, akatoa karatasi ya pakiti ya sigara,
imekuwa rangi ya chai.
Mwaka ule hakuwa na nauli, mtoto ana surua mgongoni.
Baba aliiokota chini ya kiti, akaitoboa kwa koleo,
akamkabidhi kwa mikono miwili:
"Hii ndiyo tikiti yako. Usiikunje."
Mtoto yule sasa ana watoto.
Niliinua karatasi kwenye mshumaa.
Tundu moja, safi,
na mwanga ukapita.

"Mpitishaji," namwambia karani.
"Hilo halimo kwenye orodha, mama.
Na nyuma yako watu wanangoja."
Kweli wanangoja, wananung'unika, mtoto analia,
mtu anagombania nafasi yake mlangoni.
Nikainua mkono, nikitaka kusema tu: subirini kidogo,
na biro nzima ikanyamaza,
wote, hata mtoto,
wakiutazama mkono wangu,
wamevuta pumzi.