Kona ya Baba

Anaeli alishuka na tangi la kioo
limeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa KCMC,
na mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.
Upepo na maji, alisema, ni elimu ya Wachina.
Aliipata kwa mpishi wa kambi ya barabara,
mtu aliyepanga kitanda, jiko na ndala zake
kwa dira.

Si chumbani, karatasi ilisema, usingizi utalowa.
Si jikoni, moto na maji havilali nyumba moja.
Si chini ya boriti. Si mkabala na choo.
Nyuma yake ukuta mzito, mbele yake watu.
Kusini-mashariki ndiko riziki huchungulia.
Samaki tisa: wanane wa dhahabu, mmoja mweusi,
na huyo mweusi kazi yake ni kumeza
balaa lililokuja likiulizia jina lako.

Tulizunguka sebule na simu ya Anaeli,
dira ikibabaika kila tulipokaribia friji.
Ya nini? Njoro nzima inajua kaskazini:
fungua mlango wa uani,
kama Kibo hajajifunika, ndiye huyo.
Tukaupa mlima mgongo.
Mbele kidogo, kushoto kidogo,
tukafika kwenye kiti cha baba.

Hakuna aliyesema neno.
Kiti cha mninga, mto wake umebonyea
kwa uzito ambao haupo tangu Pasaka ya mwaka juzi.
Kando yake redio, betri zimetoa ukoga.
Mama hufagia kukizunguka
kama apaliliaye asiguse mche.

"Basi tuweke karibu na tivii," nikasema.
Karatasi ilikataa.
Anaeli akaikunja, akaikunjua tena,
utadhani sebule ingeota kona ya tano.

Ndipo mama akatoka jikoni,
utomvu wa ndizi umemkaukia vidoleni,
akauliza maji yataingilia wapi, yatatokea wapi.
Maana yeye ni mtoto wa mfongo, Kibosho juu.
Baba yake aliyateremsha maji ubavuni mwa mlima
kwa jembe na jicho moja lililofumbwa,
yakapita kihamba kwa kihamba,
na aliyeiba usiku wa mwenzake
alilipa mbege, tena mbele za watu.

"Maji hayana kona," akasema. "Yana zamu.
Ya baba yenu imekwisha."

Akashika mkono mmoja wa kiti.
Sisi tukashika mwingine.

Chini tulikuta shilingi mia,
kifuniko cha kalamu, buni mbili kavu,
na miraba minne ya zulia
yenye wekundu wa siku liliponunuliwa.
Mama aliitazama hiyo miraba
muda mrefu kuliko alivyotazama samaki.

Sasa maji yanang'aa pale.
Umeme ukikatika pampu hunyamaza,
naye huyakoroga taratibu kwa mwiko,
akihesabu kwa Kichaga hadi tisa.

Jumatano alihesabu nane.
Anaeli akapiga simu toka Holili, karibu afurahi:
"Amebeba jambo, mama! Amekufa badala yetu!"
Mama hakuuliza jambo gani.
Alimfunga mweusi kwenye jani la mgomba,
akapanda naye Kibosho kwa basi la saa mbili,
na aliporudi kucha zake zilikuwa na udongo.
Hatukumuuliza ulikuwa udongo wa wapi.

Riziki haijafika.
Bili ya maji imefika.

Lakini kiti kipo upande wa pili, kinatazama tangi,
na jioni, akidhani tumelala,
mama hukikalia.
Hapo awali hakuwahi.
Nimeupapasa mto asubuhi:
umeanza kubonyea upya,
pembeni kidogo,
kama mtu aliyesogea kumwachia mwenzake nafasi.