Viazi vya Endel

Chini ya maabara ya Tartu, vidato thelathini na kimoja,
kuna chumba ambamo ni mwiko kukohoa.
Humo uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto
umebeba ufito, na ufito umebeba matufe mawili ya risasi,
na mimi, Salme, binti wa mshona viatu,
hulipwa ili nichungulie kwenye tundu la mlango
nisome nukta ya mwanga inavyotembea juu ya rula,
niandike jinsi vitu visivyojuana vinavyoitana.

Maana huitana. Kikombe changu cha kahawa
kinaivuta Zohali, na Zohali haikatai.
Mwezi mzima ule, ukisimama juu ya paa zenye theluji,
unanivuta kwa uzito wa punje sita za shayiri.
Jua, kwa uzito wa yai.
Na mtu aliye hatua moja kutoka kwangu
hunivuta kwa uzito wa kope. Moja.
(Nimepiga hesabu. Nimeirudia
tangu Arvo aondoke.)

Mwaka ule nukta ilituchezea shere.
Oktoba ilihamia upande wa ukuta wa kaskazini,
kisha, siku baada ya siku, ikaanza kurudi
kama mtu aliyetoka nyumbani kwa hasira
na sasa anasikia baridi.
Profesa alilaumu joto.
Akalaumu malori ya maziwa, akalaumu treni ya Riga,
akanilaumu mimi na unene wangu.
Nilisogeza kiti nyuma. Nukta haikujali.
Desemba ilirudi mbio wiki mbili nzima,
halafu ikatulia.

Februari nilichukua taa nikazunguka nyuma ya ukuta,
nikamkuta Endel, mtunza jengo, amepiga magoti.
Mbele yake viazi:
magunia kumi na tisa aliyoyaficha tangu mavuno,
yamebaki manne.

"Desemba," nikamuuliza, "nani alikuja kwako?"
Akanitazama kama niliyemfunua tumbo.
"Binti yangu. Na wanawe watatu.
Umejuaje?"

Nimejuaje! Husemwa wanaovutana wana ugomvi.
Mimi nimeona wajukuu watatu wakishiba
kwa nukta iliyosogea nusu ya upana wa ukucha.

Profesa hakuambiwa.
Katika daftari, safu ya masahihisho,
niliandika neno moja, viazi,
nikaketi usiku kucha nikiziondoa supu zao,
sufuria baada ya sufuria,
kwenye hesabu ya kuupima ulimwengu.

Endel alinitilia sita kwenye aproni.
Nilivichemsha na maganda yake.
Kabla ya hapo nilikishika kimoja kiganjani, muda mrefu,
kina udongo bado, kizito kwa umbo lake:
dunia ilikuwa ikikidai.

Nami sikukiachia.