Makabidhiano

Funguo ni saba, mwenzangu, ila zinazofungua ni nne.
Huu mdogo ni wa kabati la majalada;
ukiuzungusha, unyanyue kidogo, kama unayemwinua mtoto.
Ule wenye uzi mwekundu sijui ni wa nini.
Nimekaa nao miaka kumi na mmoja
nikiogopa kuuliza, maana mimi ndiye Afisa Elimu,
na mkuu, nilidhani, hujua kila tundu.

Hati ya makabidhiano ina kurasa sita.
Imetaja viti, kompyuta mbili, pikipiki isiyo na plagi.
Haya haikuyataja.

Mwaka wangu wa kwanza nilishuka Kahe
na gari la wilaya, vumbi likitutangulia kama tarishi.
Mawe ya njiani yalikuwa meupe, chokaa mbichi.
Watoto waliimba jina langu, wamekosea herufi moja.
Nikaandika katika kitabu cha wageni: Shule safi. Hongereni.
Wakati wa kurudi, dereva wangu Melkiori akasema bila kugeuka,
"Bosi, mimi nilikwenda chooni kwao.
Matundu manne. Na watoto nimewahesabu."
Idadi hakuitaja. Alibadili gia.
Tangu siku hiyo nikifika shuleni naanzia nyuma,
kule ambako hakuna aliyepaka chokaa.

Kuna jalada la Mwalimu Apaikunda.
Utalikuta chini kabisa. Sikulichoma; nilitaka.
Alisimama katika kikao pale Uru
akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ndizi,
fedha za madawati zimelala kwenye mfuko wa nani.
Ukumbi ulikohoa.
Ijumaa ile ile nikatia sahihi uhamisho wake:
kwa mahitaji ya kikazi.
Maneno manne. Kalamu haikukwama hata mara moja,
na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Miaka mitatu baadaye nilimkuta Kibosho, juu, mpakani mwa msitu,
ukungu umeingia darasani kama mwanafunzi mchelewaji.
Watoto sabini na wawili wa darasa la kwanza
wanapanga herufi kwa vizibo vya soda.
Hakuna aliyesimama nilipoingia. Walikuwa katikati ya neno.
"Mwalimu, unanikumbuka?"
Akanisogezea kitabu cha wageni.
"Tia sahihi, mzee. Sahihi yako naijua."

Nilimwomba radhi? Ungependa niseme ndiyo.
Nilimpelekea madawati thelathini,
nikajiambia kwamba mbao nazo husema.
Hazisemi. Nimezisikiliza.

Utaambiwa pia kwamba mwaka fulani tuliongoza mkoa.
Kweli. Ngao ipo pale dirishani, inazuia pazia lisipeperuke.
Wiki ile ile, soko la Kiboriloni,
mama mmoja wa mitumba alinishika mkono wa koti:
"Wangu hakufanya mtihani. Aliambiwa akae nyumbani
asije akaushusha wastani."
Amri hiyo sikuitoa. Naapa.
Nilichofanya ni kusema, kila Jumatatu, kila kikao,
nataka namba moja, nataka namba moja.
Walio chini yako hawashiki unachokisema,
hushika unachokitamani.
Koti lile silivai tena.

Basi. Muhuri huu wino wake ni mzito, upulizie.
Masika yakianza, simu ya mezani italia alfajiri:
ni mwalimu mkuu wa Kirua, mto umepanda daraja.
Mwambie awarudishe watoto nyumbani.
Usimwambie asubiri barua.

Mimi nilimwambia asubiri barua.
Mara moja tu.

Haya, tia sahihi hapa, na hapa.
Na ule wenye uzi mwekundu, uchukue.
Melkiori yuko nje anafuta kioo; huenda anaujua.
Muulize leo, mlango ukiwa wazi,
watu wote wakisikia.