Nusu Athari

Mti wa ukoo umetundikwa sebuleni kwa ami Nasir, Mudheribi,
wino wa kijani, na kila tawi ni bin, bin, bin.
Nikauliza: basi sisi tumezaliwa na ndevu?
Ami akacheka, akanisogezea halua.

Ndipo nikaja kwa Khalfan, karani wa falaji,
miwani imefungwa uzi, daftari lanuka dawa ya mende.
Twashuka miaka kwa kidole:
aliyeuza zamu, aliyerithi, aliyekufa bila mtoto.
Katikati ya ugomvi wa mitende mitatu, mstari mmoja:

*Nusu athari, usiku wa Jumanne,
ya Shausiku, mama yake Zahran. Mtu wa Bara.*

Khalfan asema, jina gani hili, halina maana.
Lina maana. Kiarabu hakina che,
mwandishi alimpa shini akaendelea na kazi.
Chausiku.
Nalitamka kwa lugha ambayo mama
alinikataza kuisema mbele ya wageni.

Na zamu hii sasa ya nani?
"Ya msikiti. Hakuja mtu kuidai."

Jumanne, saa nane za usiku, navua viatu.
Maji yapita miguuni, baridi mpaka kwenye mfupa,
nami natazama saa ya simu:
robo saa, ndiyo mali yake yote niliyoipata.
Sikuomba dua. Sikujua ya dini gani.

Dakika ya kumi na sita ni ya mtu mwingine.
Natoa miguu.